Dakika Kumi na Moja

Brno, Februari, barafu imeshika reli za tramu,
na mimi nimebadilisha alama moja tu:
palipokuwa na "zaidi ya"
nimeweka "zaidi ya au sawa na."
Sasa ningoje.
Seva inaamka kama bwana harusi aliyekesha,
inatafuta soksi, inapapasa miwani,
inasajili vijenzi mia nne
ambavyo leo sina haja navyo
ila kimoja, kile cha kukokotoa fidia
ya mizabibu iliyopigwa na mvua ya mawe.

Dakika kumi na moja.
Květa Nezhybová, meza ya pili, anatoa sindano zake.
Safu nne za skafu kila seva inapowashwa;
alikwisha kupima. Sufu, rangi ya haradali.
Tangu Oktoba imefika mita mbili na ushee
na hakuna ajuaye ni ya shingo gani.

Jibu linakuja. Si sahihi.
Nafuta alama, naweka nyingine.
Safu nne.

Usiku ule, ofisi imebaki na mimi na mashine ya kahawa,
nikajiuliza swali la kitoto:
kijenzi hiki, kabla hakijapewa cheo,
si Java tu, kama Java nyingine?
Nikakiita mwenyewe, huku nje,
bila seva, bila tarumbeta.

Kikaanguka papo hapo.
Mstari wa thelathini na saba: mkono umeshika hewa.
Kumbe ndani ya chombo kulikuwa na mlezi
wa kukivisha, wa kukitilia hifadhidata mfukoni
kabla hakijainua mguu;
mwana wa mfalme
asiyejua vifungo vya shati hufungwaje.

Nikakivisha mimi.
Hifadhidata ya uongo, mistari ishirini,
inayojibu ninachotaka ijibu.
Wateja watatu wa kubuni:
mmoja ana shamba la hekta sifuri,
mmoja bima yake iliisha jana saa sita usiku,
na wa tatu nikampa jina la babu, Alois Štěrba,
aliyepoteza mizabibu yote kwa alasiri moja
akalipwa barua ya pole.

Nikabonyeza.
Nusu sekunde. Kijani.
Sikuamini. Nikaharibu hesabu makusudi.
Nyekundu.
Hapo ndipo nilipovuta pumzi:
asiyejua kukataa, kukubali kwake si ushahidi.
Kisha nikamwongezea babu hekta moja, nyekundu tena,
na hii sikuitega mimi.
Koruna moja pungufu kwa kila hekta.
Kosa tulilolisaka tangu Krismasi
lilikuwa limekaa kwenye shamba la babu, linaningoja.

Asubuhi nikawaonyesha:
majaribio sitini na mawili, sekunde nne.
Ctibor, mkuu wetu, akapiga kofi moja, kama anayeua mbu.
Květa akaitazama skrini, akazitazama sindano.
"Sasa nitafuma saa ngapi?"
Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Wiki mbili za kijani.
Halafu Alhamisi, kwenye seva yenyewe,
muamala ukakatika katikati:
fedha zimetoka, kumbukumbu haikuandikwa.
Uongo wangu ulikuwa mpole mno,
ulipokea kila kitu, haukurudisha chochote.
Niliiga mikono ya mlezi,
sikuiga hasira zake.

Basi siku hizi tunafanya kazi huku nje,
chap chap, kijani, nyekundu, kijani,
na kila Ijumaa baada ya chakula
tunaiwasha seva nzima,
ije na soksi zake, ije na miwani yake.
Dakika kumi na moja hakuna anayesemeshwa.
Květa anatoa uzi wa haradali.

Ijumaa iliyopita, safu ya tatu,
bila kuinua macho,
alimwuliza Ctibor shingo yake ina sentimita ngapi.